Pumba za Igawa na Amina ya Bwana Kyando

Wanaohusika ni wajumbe wa kamati ya sasa ya kikundi cha wakulima wa mpunga wa Chimala. Si mwenye mashine, si dalali, si mvua, wala si "mfumo", neno ambalo siku hizi hubebeshwa makosa ya watu wenye majina yao. Kamati hiyo ndiyo iliyoondoa kifungu cha pumba katika rasimu ya mkataba mpya, na kamati hiyo ndiyo inayopaswa kujibu. Nimelitanguliza jambo hili ili kijana anayesoma asifike katikati ya maelezo yangu akaanza kumtafuta mchawi.

Naandika nikiwa na hasira, lakini sitaki hasira hiyo iwanyime ninyi vijana utamu wa jambo lenyewe. Nilikuwa afisa ushirika katika mikoa ya Mbeya na Iringa mpaka nilipostaafu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwakalisha pamoja watu wanaohitajiana lakini wanaogopana: mkulima na mwenye mashine, mfugaji na mwenye lori, mwenye shamba na mwenye soko. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya makaratasi. Sivyo hata kidogo. Hakuna mechi ya mpira iliyowahi kunisisimua kama dakika ile ambapo mtu aliyekunja mikono tangu asubuhi anaikunjua, anavuta kiti mbele na kusema, "Hebu rudia hapo." Mpaka leo nikiikumbuka dakika hiyo, chai hupoa mkononi mwangu.

Aliyenifundisha kuingoja dakika hiyo alikuwa mkuu wangu wa kwanza wa kazi pale Mbeya, marehemu Bwana Mwambene, mtu mrefu aliyevaa tai hata akienda shambani. Safari yangu ya kwanza pamoja naye ilikuwa ya kwenda kwenye kiwanda cha mbao upande wa Iringa. Wafuga nyuki walikuwa wanataka kushirikiana na mwenye kiwanda, naye hakuwataka. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu vizuri, nimezipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Bwana Mwambene hakuniuliza hata moja. Tulipokaribishwa ndani aliomba radhi, akazunguka nyuma ya jengo, akakaa huko muda mrefu kiasi cha mwenyeji kuniuliza kwa upole kama mzee anaumwa tumbo.

Aliporudi, viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la mbao. Akamwuliza mwenye kiwanda yale mabanzi yaliyorundikwa uani huwa anayafanyia nini. Mwenye kiwanda akasema yanamsumbua tu, yanaoza na kumzibia njia. Bwana Mwambene akawageukia wafuga nyuki na kuwauliza mizinga yao wanaitengeneza kwa mbao gani. Hapo ndipo nilipoiona mikono ikikunjuliwa kwa mara ya kwanza.

Njiani kurudi nilimwuliza kwa nini hakunieleza mapema. Akasema, "Binti, mbele ya nyumba ya mtu utaona anachojivunia. Pita uani uone anachokitupa. Ushirikiano huanzia hapo."

Neno hilo nililifanyia kazi miaka yangu yote ya utumishi, na halikuwahi kunipa siku ya kusisimua kuliko siku ile ya Igawa.

Naomba kwanza kuweka kumbukumbu sawa kuhusu chanzo chake, kwa sababu nimesikia watu wakidai kuwa wazo lilitoka ofisini. Wazo lilitoka Kilolo, mkoani Iringa. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Iringa, na siku moja akaingia ofisini kwangu Mama Kikoti, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji wa nguruwe. Alinisalimia "kamwene", akaketi, akafungua kitambaa chenye kitu kama unga wa kijivu, akanisogezea.

"Mama Afisa, onja."

Nikamwambia ofisi haili chakula cha nguruwe. Akasema hata nguruwe wake hawakili. Kisha akanieleza. Mpunga ukikobolewa hutoka mchele, hutoka chenga, hutoka makapi magumu ya nje, na hutoka pumba, yaani ule unga laini ambao ni chakula kizuri cha kuku na nguruwe. Madalali waliokuwa wakiwaletea pumba kutoka Mbarali, wilaya yenye Chimala na Igawa, walikuwa wanasaga makapi na kuyachanganya humo ili gunia lijae.

"Nguruwe wangu wana dharau kuliko wakwe," akasema. "Wakinusa makapi tu, wananigeuzia mgongo."

Alichotaka ni kuzipata pumba kutoka kwa wenye mpunga wenyewe, bila mtu wa katikati. Nami nilikuwa nawafahamu wakulima wa Chimala tangu nilipokuwa Mbeya, na nilijua kwamba wakati uleule walikuwa kwenye mazungumzo na Bwana Kyando, mwenye mashine ya kukoboa pale Igawa. Niliomba ruhusa ya safari siku hiyohiyo.

Mazungumzo ya Chimala na Igawa yalikuwa yanakwenda vizuri kupita kiasi, jambo ambalo kwa afisa mwenye uzoefu ni dalili mbaya. Bwana Kyando alitaka wanakikundi wote wakoboe kwake, waache kuhamahama kati ya mashine zilizopangana kando ya barabara kuu. Wakulima walitaka mpunga wao ukobolewe bila papara ili mchele usikatike, tena wapate chumba cha kuuzia pamoja. Walikuwa wamekubaliana yote. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa ametamka neno pumba.

Kisa chake ni desturi. Katika mashine nyingi za pande zile ilishazoeleka kwamba pumba ni za mashine. Mkulima anabeba mchele wake na chenga zake, pumba anaziacha zilipoangukia. Tena Bwana Kyando hakuwa mtu wa kudaiwa hivihivi. Mvua ikitishia, aliwafungulia ghala. Foleni ikiwa ndefu, mke wake aliwagawia akina mama uji. Nilipomchukua pembeni mwenyekiti wa wakulima, Mzee Mwigombe, na kumshauri alitaje suala la pumba, alinitazama kana kwamba nimemwambia aibe kanisani.

"Mama, yule mtu amenilindia mpunga wangu usilowe. Nitamtazamaje usoni nikimdai pumba?"

Nikamjibu kwa haraka ya kazi kwamba kama hawezi kumtazama usoni, basi aseme bila kumtazama. Sikujua kuwa atalishika neno hilo kama lilivyo.

Kikao kilifanyika uani kwa Bwana Kyando, penye turubai la kuanikia mpunga. Mama Kikoti alikuwepo kama mgeni mwalikwa, na alikuwa amevaa kama anakwenda harusini. Kwetu huku kikao hakianzi wala hakifungwi bila sala. Mwenyeji, ambaye ni Mlutheri, alikuwa amefungua kwa sala fupi ya heshima. Kufunga aliachiwa Mzee Mwigombe, ambaye ni Mkatoliki na aliwahi kufundisha katekisimu, kwa hiyo wanaoujua urefu wa sala zake walijishikiza kwanza kwenye viti.

Tulizungumza mpaka jua likageuka. Kila nilipoisogeza mada karibu na pumba, Mzee Mwigombe alikohoa na kuusifu uji. Mwishowe mwenyeji akasema basi, yote yameeleweka, tufunge. Nilikuwa nimekata tamaa. Tukasimama, tukafumba macho, na Mzee Mwigombe akaanza kuwaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi na mifereji ya maji. Halafu sauti yake ikashuka.

"Baba, wewe unaujua mpunga wetu tangu kitaluni. Unaujua mchele wake, unazijua chenga zake. Na pumba zake unazijua, japokuwa sisi huziacha hapa uani kana kwamba hazina mwenyewe. Mguse mtumishi wako Kyando, azione kama unavyoziona wewe, nusu zake na nusu zetu."

"Amina," tukaitikia wote. Na ya Bwana Kyando, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa kanisani, ilikuwa kubwa kuliko zote.

Mama Kikoti alikuwa ameuziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakitikisika. Bwana Kyando akafumbua jicho moja.

"Mzee Mwigombe, umenivua koti nikiwa nimefumba macho."

"Sikukuomba wewe, bwana. Nilimwomba Mungu."

"Na aliyeitikia ni nani?"

Uwanja mzima ukacheka. Wakulima wakaanza kupeana mikono, wengine wakaokota kofia zao. Kwao suala lilikuwa limekwisha, na kwa ushindi mtamu. Nami nilikuwa nacheka, lakini nikapiga meza. Naomba hapa mnielewe vizuri, maana kuna wanaosimulia kuwa nilimfokea Bwana Kyando. Si kweli. Niliyemkatiza ni kila mtu. Nilisema kuwa Amina si sahihi, na mtu aliyebanwa mbele ya Mungu na majirani atatafuta namna ya kujibanua msimu ujao. Nikaagiza tukae tena, macho yakiwa wazi. Nikamwuliza Bwana Kyando swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: ukitoa nusu ya pumba, unapoteza nini?

Akasema, bila utani, kwamba pumba ndizo zinazomtunza fundi wake wa mashine katika miezi ambayo hakuna mpunga. Zikipungua, itabidi amwache fundi aende zake. Na fundi mgeni akija wakati wa mavuno, huikaza mashine vibaya, mchele unakatika, na chenga zinakuwa nyingi kuliko mchele.

Wakulima wakatazamana. Walikuwa wamelalamikia mchele kukatika kwa miaka, na kumbe kile walichotaka kukichukua ndicho kilichokuwa kinaushikilia.

Hapa, vijana, ndipo majadiliano mengi hufa. Kila upande una haki, na kila mtu anaona kilichobaki ni kuvutana. Mimi nilifanya alichonifundisha Bwana Mwambene. Nikaomba tutembee uani. Tukapita penye rundo la makapi, penye mapipa, tukafika kwenye lori la Bwana Kyando, lililokuwa linapeleka mchele sokoni Iringa. Mama Kikoti akalizunguka, akaligonga ubavuni.

"Likishashusha mchele Iringa, linarudi na nini?"

"Na upepo," akajibu Bwana Kyando.

"Basi upepo wako nitaujaza viazi."

Nakwambieni, nywele zilinisimama. Kilolo ina viazi na maharage yanayotafuta soko, na Chimala ina soko linalovitafuta. Lori lingepeleka pumba pamoja na mchele, na lingerudi na mazao ya akina mama kwa nauli ya haki, na nauli hiyo ingemtunza fundi. Bwana Kyando akaikunjua mikono, akaegemea tairi na kusema yale maneno ninayoyapenda kuliko shairi: "Hebu rudia hapo."

Tukarudi mezani na kuandika. Nusu ya pumba za wanakikundi zibaki kwa mashine, nusu wakulima wawauzie akina mama wa Kilolo moja kwa moja, safi, bila makapi. Lakini sikuruhusu mtu kutia sahihi mpaka kila upande utamke kwa kinywa chake faida atakayopata mwenzake. Hii ndiyo kanuni yangu mwenyewe, nami ninawaachia. Mtu yeyote anaweza kueleza faida yake. Asiyeweza kueleza ya mwenzake bado hajajua anaingia kwenye ushirikiano na nani. Mzee Mwigombe alieleza habari ya fundi kwa usahihi, wakati huu akimtazama mwenyeji usoni. Bwana Kyando alisimama akasema, "Mama Kikoti atapata pumba ambazo nguruwe wake hawatazidharau." Ndipo wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba kwenye wino.

Nilikwenda kuwatembelea Kilolo baadaye. Mabanda ya miti yalikuwa yamegeuka ya matofali. Tulipokuwa tunakunywa chai, lori likapiga honi kule barabarani, na nguruwe wote wakapaza sauti kwa pamoja. Walikuwa wameizoea honi ya Bwana Kyando. Mama Kikoti akaniambia hiyo ndiyo kwaya yake ya pili, na kwamba inaimba kwa bidii kuliko ile ya kanisani.

Kanuni hiyo ya kueleza faida ya mwenzako si ya wazee peke yao. Juzi tu walinijia vijana wawili hapa Mbeya, mmoja ana miti ya parachichi, mwingine ana bodaboda na wateja. Walikuwa wamekubaliana kuwa "watagawana", na tayari walikuwa hawasalimiani. Nikawauliza wanagawana nini. Mmoja alidhani matunda, mwingine alidhani faida baada ya mafuta. Nikawauliza parachichi zinazochubuka njiani ni za nani. Hakuna aliyekuwa amewaza. Zile zilizochubuka ndizo pumba zao. Tuliketi asubuhi nzima, na walipoondoka mmoja alikuwa amembeba mwenzake kwenye bodaboda. Siku hiyo nilisahau kuwa nimestaafu.

Sasa nirudi nilikoanzia.

Mzee Mwigombe amepumzika uongozi, na kamati mpya imeingia. Ni vijana wasomi, na nilifurahi sana walipochaguliwa. Sina ugomvi na simu zao. Laiti tungekuwa nazo, ningeokoa safari nyingi za vumbi. Lakini wameandaa rasimu ya mkataba wa kuanzia mavuno yajayo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, na wanachama wameijibu kwa ile picha ya dole gumba. Dole gumba la wino liliwekwa baada ya mtu kusomewa kila kifungu mbele ya wenzake. Hili la kwenye simu huwekwa mtu akiwa anapalilia, na wengi wamekiri kwangu kuwa hawakuufungua ukurasa wa pili.

Katika ukurasa huo wa pili, kifungu cha pumba hakipo. Mahali pake pameandikwa kwamba pumba zote za wanakikundi atachukua dalali mmoja. Nilimpigia simu mwenyekiti wa sasa. Alinijibu kwa adabu kubwa, shikamoo mara mbili, kwamba wanachama wameridhia. Nikamwuliza ni nani aliyependekeza. Akasema ni mfumo mpya. Nikamwuliza mfumo huo unaitwa nani na unakaa kata gani. Simu ikakatika, na nitamfanyia hisani ya kuamini kuwa ni mtandao.

Nilimpigia Bwana Kyando. Yeye aliambiwa kuwa Chimala na Kilolo wameachana kwa hiari, na amekuwa akisikitika kwamba lori litarudi tena na upepo. Halafu nikampigia Mama Kikoti. Yeye hakuwa ameambiwa lolote.

"Mama Afisa, nina majike wenye mimba bandani. Bila pumba zile sitawafikisha kuzaa. Nikiuza majike, nimeuza kikundi."

Hilo ndilo lililoko mezani, wanangu. Si karatasi. Ni banda la matofali la wanawake waliokuwa wamekwisha kuuona mlango wa kutokea kwenye umaskini, na kuna watu walioufunga bila hata kubisha hodi kuuliza kama kuna mtu ndani. Mkataba ule ulidumu kwa sababu kila upande ulijua mwenzake anapata nini na anapoteza nini. Waliouvunja hawakumwuliza yeyote wa pande hizo tatu.

Kwa hiyo, nikiwa mwanachama wa heshima wa kikundi hicho na shahidi wa mkataba wa kwanza, ninadai rasmi mambo yafuatayo. Kamati isitie sahihi rasimu hiyo. Iitishe kikao uani kwa Bwana Kyando, pale Igawa, kabla ya mpunga kuvunwa, na akina mama wa Kilolo waalikwe kama wabia wenye haki ya kusema na kukataa. Mwenyekiti ataje kwa jina ni nani aliyependekeza kifungu cha pumba kiondolewe, nani walikubali, na dalali huyo aliwaahidi nini. Kisha kila mjumbe asimame, mmoja baada ya mwingine, aeleze kwa kinywa chake Mama Kikoti anapata faida gani katika mkataba huu mpya. Asiyeweza kuieleza aache kiti chake siku hiyohiyo.

Kikao kifunguliwe kwa sala fupi. Majibu yatolewe macho yakiwa wazi.